Johannes Rebmann: Mtoto wa Gerlingen Aliyekaa Rabai Miaka 29

Kamati ya jubilii ilipogawa kurasa za kitabu hiki, wengi wetu tulitaka kuanza na walimu wa kwaya yetu waliotutangulia. Hao mtawasoma mbele. Lakini tuliona si haki kuwataja walimu wa jana bila kumtaja mtu wa juzi, ambaye alikaa katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, akiandika neno baada ya neno mpaka macho yakamwisha nguvu. Mtu huyo ni Johannes Rebmann. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Ni kweli, ila kwa maoni yetu theluji hiyo imemfunika. Safari zake za Kilimanjaro zilikuwa tatu tu, na zote zilikwisha katika muda wa miaka miwili. Afrika Mashariki alikaa miaka 29, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa Rabai.

Gerlingen, alikozaliwa tarehe 16 Januari 1820, siku hizi ni mji mdogo karibu na Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Wakati ule kilikuwa kijiji cha wakulima katika ufalme wa Württemberg. Watu walilima nafaka na mizabibu, na jina la ukoo la Rebmann lenyewe maana yake ni mtu wa mizabibu. Miaka minne kabla hajazaliwa, mwaka 1816, mvua na baridi viliharibu mavuno sehemu nyingi za Ulaya. Njaa iliyofuata iliwatoa watu wengi wa Württemberg makwao. Wengine walishika njia ya Urusi, wengine wakavuka bahari kwenda Marekani. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo wa vikundi vya nyumbani, wale waliokutana jioni kusoma Biblia na kuimba bila kumngojea mchungaji. Mfalme aliona anapoteza raia, naye akawaruhusu wabaki na kujenga makao yao wenyewe. Makao hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1819, yaliitwa Korntal, na kutoka Gerlingen si mbali. Msomaji alishike jina hilo la Korntal, maana tutalirudia.

Basi mtoto wa Gerlingen alikua katika nchi iliyozoea kuagana na wasafiri. Wala Rebmann hakuwa peke yake kutoka kijiji hicho. Johannes Zimmermann, aliyezaliwa Gerlingen mwaka 1825, alikwenda Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na huko akaitafsiri Biblia kwa lugha ya Ga. Alimwoa Catherine Mulgrave, mwalimu aliyezaliwa Angola, akachukuliwa na meli ya watumwa akiwa mtoto, akalelewa Jamaika, kisha mwaka 1843 akarudi Afrika pamoja na walowezi weusi wa Jamaika. Hebu fikirini kidogo: kijiji kimoja cha mizabibu, vijana wawili waliopishana miaka mitano, mmoja aliandika lugha ya watu wa Accra, mwingine lugha za watu wa pwani yetu. Sisi tunaoishi upande huu wa bara mara nyingi hatujui kwamba tuna ndugu wa namna hiyo upande wa pili.

Rebmann alisoma katika chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, kumalizia masomo katika chuo cha shirika la CMS. Siku hizo shirika hilo la Kanisa la Uingereza lilikuwa na shida ya kupata Waingereza wa kutosha, kwa hiyo liliwachukua Wajerumani wengi. Ndiyo sababu mizizi ya Kanisa la Anglikana hapa Kenya ina majina ya Kijerumani: Krapf, Rebmann, Erhardt.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Aliyempokea alikuwa Ludwig Krapf, naye pia mtu wa Württemberg, aliyetangulia kuja mwaka 1844. Krapf alikuwa ameshawazika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika mwaka ule ule wa kufika kwake. Kwa hiyo Rebmann hakukaribishwa na mtu wa raha. Alikaribishwa na mjane mwenye homa, na haikuchukua siku nyingi naye akashikwa na homa.

Walichagua kukaa Rabai, juu ya vilima, mahali penye hewa nzuri kuliko kisiwani. Hapa tunataka kusema jambo ambalo vitabu vya wamishenari hulipita haraka. Rabai haikuwa pori tupu lililongoja mgeni. Warabai walikuwa na kaya yao katika msitu, wazee wao, baraza zao na biashara yao na watu wa Mombasa. Kaya za Wamijikenda zinajulikana hata leo, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Waliokaa na kuamua kama wageni hawa wapewe mahali au wasipewe ni wazee hao. Walikubali. Wangekataa, habari hii isingekuwapo. Tarehe 25 Agosti 1846 Krapf na Rebmann walihama Mombasa, wote wawili wagonjwa, na walikuwa na punda mmoja tu wa kupanda kwa zamu.

Hawakufanana, watu hawa wawili. Krapf alikuwa mtu wa ramani kubwa. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi, na kila mara mguu ulimwasha kuendelea mbele. Rebmann alianza kama msafiri lakini akaja kuamini kwamba kazi ni kukaa. Aliona ni afadhali kijiji kimoja kieleweke vizuri kuliko nchi kumi zipitwe. Walibishana juu ya jambo hili, na ubishi huo haukuisha kwa urahisi. Hata leo katika kanisa letu wapo watu wa Krapf na watu wa Rebmann. Katika kwaya pia wapo: wale wanaotaka kila mwezi twende mashindano mahali pengine, na wale wanaotaka tubaki kwanza tujue sauti ya nne vizuri.

Safari zake tutazisimulia kwa ufupi. Oktoba 1847 alikwenda nchi ya Wataita, mpaka mlima wa Kasigau. Tarehe 27 Aprili 1848 alitoka Rabai kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, msafiri mzoefu wa njia hizo, na wapagazi wachache. Silaha hakuchukua, alichukua mwamvuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe ambacho kwanza alikidhania wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu, la baridi. Kwa mtoto wa Württemberg, ambaye kila mwaka aliona mashamba yakifunikwa na theluji, neno hilo lilitosha. Katika safari ya pili, mwaka ule ule, aliuliza zaidi akakuta Wachaga wenyewe wana neno lao la kitu hicho, Kibo, na wanajua wazi kwamba kikiletwa chini hugeuka maji. Hakuna lililofichika hapo. Wenyeji walijua, wakalisema, naye akasikiliza.

Habari hiyo ilichapwa London mwaka 1849 katika gazeti la CMS. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika, aliikataa. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta, na kwamba mmishenari yule alidanganywa na macho yake. Ubishi uliendelea kwa miaka. Mwaka 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken alifika mlimani akathibitisha, na mwaka 1871 Charles New, mmishenari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, jirani kabisa na Rabai, alipanda mpaka akaifikia theluji yenyewe. Rebmann wakati huo alikuwa bado yupo Rabai, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kufifia.

Safari ya tatu, Aprili 1849, ilikuwa ya huzuni. Alitaka kupita Uchagani aende mpaka Unyamwezi, akiwa na shehena ya vitu vya kulipia njia. Huko Machame mfalme Mamkinga alimpokonya karibu vyote kwa jina la zawadi, kidogo kidogo, mpaka hakikubaki cha kuendelea nacho. Alirudi mikono mitupu. Mwisho wa mwaka huo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Rebmann hakujaribu tena safari kubwa.

Mwaka 1851 alikwenda Misri, akaoa mjini Kairo mama Mwingereza, Emma Tyler. Emma alikubali kuja Rabai, na alikaa miaka 15. Mtoto waliyempata alikufa akiwa mchanga. Emma mwenyewe alifariki mwaka 1866. Katika vitabu vingi anapata mstari mmoja, na sisi hatukupata mengi ya kuongeza, ila tumeona vema jina lake lisomwe na wanakwaya wetu wa sauti ya kwanza na ya pili, kwa sababu nyumba ya Kisulutini ilikuwa yake pia.

Krapf aliondoka kwa sababu ya afya mwaka 1853. Jakob Erhardt, mwenzao wa tatu, aliondoka 1855. Rebmann akabaki na Emma. Kabla ya kutengana, Rebmann na Erhardt walikusanya maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na watu wa bara, juu ya maji makubwa yaliyoko ndani. Erhardt akachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ilipochapwa mwaka 1855 na 1856, watu walicheka. Lakini kwa sababu ya ramani hiyo Waingereza waliwatuma Burton na Speke, na Januari 1857 wasafiri hao walifika Rabai kumwona Rebmann kabla ya kwenda bara. Walichokuta mwaka uliofuata si ziwa moja bali maziwa mbalimbali, Tanganyika na Nyanza. Wasafiri wa misafara walikuwa wamesema kweli, kila mmoja juu ya ziwa lake. Waliochora ndio waliounganisha.

Miaka hiyo vita vya Wamasai vilifika mpaka vilima vya pwani. Watu wa Rabai walitawanyika, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia Mombasa na kisha Unguja, wakakaa huko kama miaka miwili. Walirudi wakaanza upya.

Sasa tufike kwenye swali ambalo hata siku zake watu waliuliza. Alifanya nini Rabai miaka yote hiyo? Ukihesabu waliobatizwa, utamaliza vidole upesi. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema na maskini, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho. Akafuata Abe Gunja, ambaye alidumu katika imani na kuwa nguzo ya kundi dogo. Baada yao walikuja wengine, mmoja mmoja. Huko London wapo walioona misheni ya Afrika Mashariki imeshindwa. Sisi hatutaki kumsafisha kupita kiasi. Rebmann alikuwa mtu mgumu, mwenye kupenda upweke, na aliyoandika juu ya mila za Warabai si yote ya kupendeza. Yeye na Krapf waliiona ngoma ya mwanza, ngoma kuu ya wazee, kuwa giza tupu. Pengine ndiyo sababu ilichukua miaka mingi sana kwa kayamba na ngoma kukubaliwa mbele ya madhabahu, na wazee wa kwaya yetu wanaikumbuka vizuri vita hiyo.

Lakini kazi yake kubwa haikuhesabika kwa vidole. Alikuwa akiandika lugha. Alianza na Kinika, kama walivyoita wakati ule lugha ya Warabai na ndugu zao (jina ambalo Wamijikenda wenyewe hawalipendi, na wana haki). Aliandika Kiswahili cha Mombasa. Na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1850 aliandika Kinyasa, lugha ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, bila kufika huko hata siku moja. Iliwezekanaje? Mombasa ilikuwa na watumwa waliotolewa nchi hiyo ya mbali. Mmoja wao aliitwa Salimini. Rebmann alikaa naye, akamwuliza, akaandika. Kitabu kizima cha maneno ya nchi ya Malawi ya leo kilitoka katika kinywa cha mtu mmoja aliyeng'olewa kwao, akiwa mbali na kila mtu wa lugha yake. Tunapofikiri juu ya kamusi hiyo huwa tunamfikiria Salimini kwanza.

Anayeimba atajua ugumu wa kazi ya namna hii kuliko msomaji wa kawaida. Kuandika lugha ambayo macho yako hayajawahi kuiona kwenye karatasi ya herufi zako ni kazi ya sikio. Ukichukua Kimvita, paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini mtu wa Mombasa hayatamki sawa; la pili lina pumzi. Ng'ombe na ngoma huanza kwa herufi zilezile, na mgeni akizichanganya watoto watamcheka. Mwandishi wa kamusi ya kwanza hana wa kumwiga. Lazima amwombe mwenyeji aseme tena, na tena, na mwenyeji awe na subira. Warabai na watu wa Mombasa walikuwa na subira hiyo kwa miaka 29. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, ila maneno yao yako katika kamusi.

Rebmann hakuwa na haraka ya kuchapa. Kila alipofikiri amemaliza, alirudi mwanzo akasahihisha. Krapf, aliyekuwa amekwisha rudi Ulaya, alisikitika kuona karatasi zinalundikana Rabai bila kutoka. Kitabu cha Kiswahili cha Rebmann kilichopata kuchapwa katika maisha yake ni Injili ya Luka, iliyotoka mwaka 1876 huko St. Chrischona, karibu na Basel. Na hapa ndipo kwaya inapomdai, au tuseme yeye anatudai sisi. Katika Injili zote nne, Luka ndiye aliyejaa nyimbo. Wimbo wa Mariamu, wimbo wa Zakaria, wimbo wa malaika usiku wa Krismasi, wimbo wa mzee Simeoni hekaluni, zote ni za Luka. Nyimbo ambazo kwaya za Kianglikana huziimba asubuhi na jioni, mtu huyu alizitafutia maneno ya Kimvita, akiwa Rabai, pamoja na watu ambao masikio yao yalikuwa bora kuliko yake. Maneno tunayoimba leo ni ya tafsiri za baadaye, na Kiswahili chake kingewashangaza vijana wetu. Hata hivyo alipita kwenye mistari hiyo kabla ya wengi wetu.

Mwaka 1864 Rabai ilipata walowezi wengine kutoka ng'ambo, na hawa hawakuwa Wazungu. Walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini katika majahazi ya watumwa, wakapelekwa Bombay, wakalelewa na kusomeshwa karibu na Nasik huko India. Watu wa pwani waliwaita watu wa Bombay. William Jones, Ishmael Semler na George David walikuja kumsaidia Rebmann. Walijua kusoma na kuandika, walijua kazi za mikono, na walirudi katika bara lao wakiwa wageni, kwa sababu wengi wao hawakujua tena kwao hasa ni wapi. Ukitaka kuelewa kanisa la Kenya lilianzaje, usiangalie Wajerumani peke yao. Angalia pia watu hawa waliovuka bahari mara mbili, mara ya kwanza bila kuulizwa.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kumshurutisha Sultani wa Unguja kuhusu biashara ya watumwa, alifika Kisulutini mwaka 1873. Alimkuta Rebmann karibu kipofu kabisa, amezungukwa na kamusi zake na kundi dogo la waumini. Tangu aliposhuka melini mwaka 1846 hakuwa amerudi Ulaya hata mara moja. Mwishoni mwa 1874 kundi jipya la CMS, chini ya William Salter Price, lilifika na kuanzisha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kazi ikabadilika, ikawa ya watu wengi, fedha nyingi na haraka nyingi. Mwaka 1875 Rebmann alikubali kuondoka. Aliyemshika mkono njiani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Aliyekuja kuwafundisha Warabai njia alirudishwa kwao akiongozwa na kijana wa Rabai.

Alikwenda kukaa Korntal, yale makao yaliyojengwa ili watu wasihame, umbali mdogo kutoka Gerlingen. Krapf naye alikuwa akiishi huko, na wazee hao wawili walikutana tena, pamoja na ubishi wao wa zamani. Rebmann alioa tena, lakini ndoa haikudumu hata mwaka. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa Korntal. Desemba ya mwaka huohuo akafariki Zimmermann, yule mwana mwingine wa Gerlingen. Krapf aliwafuata mwaka 1881.

Karatasi zilizokuwa zimelundikana Rabai zilianza kutoka baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Kamusi ya Kinyasa ilichapwa mwaka 1877, Krapf akiihariri. Kamusi ya lugha ya Warabai, kazi ya Krapf na Rebmann pamoja, ilitoka mwaka 1887, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya chapa na Thomas Sparshott, mmishenari aliyekuwa pwani siku za mwisho za Rebmann.

Na kijiji chenyewe? Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu Hannington. Mwezi haukupita mingi Jones akaondoka na askofu huyo katika safari ya Uganda, na mwanzoni mwa 1886 ni Jones aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia, baada ya askofu kuuawa Busoga. Katika miaka hiyo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai kwa mamia, wakijenga na kulima huko. Mabwana zao walidai warudishwe. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa mabwana fidia. Mahali palipokuwa na Mringe na Abe Gunja pakawa na kanisa la watu walioimba kwa lugha za nchi nzima ya Afrika Mashariki na Kati, na Kiswahili kikawaunganisha.

Ziara ya kwaya kwenda Rabai imepangwa Jumamosi ya kwanza baada ya ibada ya jubilii. Ukitoka Mombasa kwa njia ya Nairobi unakata kulia Mazeras. Tutaona kanisa, jumba la makumbusho la Krapf na nyumba za kale za misheni. Wale ambao hawajaandikisha majina wamwone katibu wa kwaya. Tutaimba huko wimbo wa Mariamu na wimbo wa Simeoni, kwa hiyo tafadhali sauti zote nne zihudhurie mazoezi ya Jumatano, na sauti ya tatu wasichelewe kama walivyochelewa juzi.